Shpetsle za Bi Trudi na Ufunguo wa Droo ya Visu

Nyinyi wasichana mlio kwenye kazi ya kutunza wazee mmenisumbua tangu nilipoacha: Bi Zuhura andika, Bi Zuhura tuachie chochote, wewe umeanza zamani. Haya, naandika. Bega la kulia limekataa kazi lakini vidole bado vinashika kalamu. Mkiona maneno yamekaa upande, jueni niliishia darasa la nne kule Tanga, na aliyenitoa shule namtaja hapa hapa mwanzoni nisije nikamsahau: ni baba yangu mdogo, Kombo, aliyesema mtoto wa kike akiweza kusoma barua inamtosha. Yeye mwenyewe barua alikuwa akisomewa.

Kugeuza mgonjwa, kumwogesha, kumpima presha, hayo mtafundishwa darasani na watu wenye vyeti. Mimi nitasema zaidi habari ya chakula kimoja cha Kijerumani, tambi za mayai za kupikwa nyumbani, kwa sababu zilinifunza jambo la kazi hii ambalo darasani hawalisemi. Lakini lazima nianzie Herndon, kule Virginia, hapa hapa Marekani. Bila Herndon hamtaelewa kwa nini mtu mzima alikosa raha kwa ajili ya ufunguo wa droo.

Nililetwa nchi hii na Salma, binamu yangu upande wa mama. Yu hai, anakaa Herndon mpaka leo na mumewe Twalib, na kama wanasoma haya, wasome. Siku niliyofika, hata buibui sijavua, Salma akanyoosha mkono: "Lete pasipoti, mdogo wangu, nikutunzie. Hapa watu wanaibiwa." Akaifungia kwenye kabati la chumbani kwake na ufunguo akautia kwenye mkufu. Tangu siku hiyo nikawa mpishi, mfuaji na yaya, nalala besmenti, chumba cha chini ya nyumba, pembeni ya mashine ya kufulia, na mlango wa mbele naufungua siku ya kutoa taka tu. Nikiuliza pasipoti naambiwa, "Si nimekutunzia? Unakwenda wapi wewe?" Mkiwakuta harusini wamekaa meza ya mbele, wasalimieni. Sijawasamehe na sina haraka.

Nilitokaje? Salma alikwenda kuoga akaacha mkufu juu ya kitanda. Basi. Nilichukua pasipoti yangu na mwiko wangu, maana mwiko ule nilikuja nao kutoka Tanga na sikuona sababu ya kuwaachia. Nikavaa viatu, nikatoka, nikatembea mpaka nikaona watu wanasubiri basi. Pale alikuwapo mama mmoja wa Kikenya mwenye sare ya kazi, anakula mkate. Akaniangalia kichwa hadi miguu, mwanamke wa buibui, hana mkoba, kashika mwiko.

"Wewe ni Mswahili?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na hiyo kijiko ni ya kupiga nani?"

Huyo ndiye Wambui. Mtu wa Nyeri, mlokole, sauti kama ya mnadani. Alinichukua siku ile ile kwake, na ndiye aliyenifunza kazi. Mwanasheria wa kunisaidia karatasi za uhamiaji alimpata kanisani kwake. Kila mara nikitaka kumshukuru ananiambia nisimletee mambo ya sinema.

Wambui hakuwa na maneno mengi ya kufundishia. "Zuhura, mzee ukitaka kumgeuza usimvute ka gunia ya viazi. Mwambie kwanza. Hata kama haskii, mwambie." Akanifundisha kupasha moto taulo kabla ya kumfuta mtu, na kuvaa viatu vya mpira visivyoteleza hata kama vinakufanya uonekane bata. Na kuja na kikombe chako, maana kuna nyumba utaambiwa jisikie nyumbani halafu ukigusa kikombe unahojiwa. Hayo yote ni kweli mpaka leo, yashikeni.

Wagonjwa wangu wa mwanzo sitawaeleza wote. Mmoja alikuwa mzee wa Columbia Heights, kwenye nyumba nyembamba yenye ngazi kama za mnara, aliyekuwa akidhani mimi ni mkewe. Alinigombeza miezi mingi kwa kuuza gari ambalo sijapata kuliona. Mwisho nikamwomba radhi kwa niaba ya yule mama, na tangu hapo akawa ananiletea maua ya bandia kutoka sebuleni kwake mwenyewe. Hapo nilijua kazi hii naiweza.

Halafu nikapelekwa kwa Bi Trudi.

Aliyenipeleka ni Brenda, msimamizi wa wakala niliokuwa nafanyia kazi. Jina lake litarudi, likumbukeni. Brenda aliniambia mteja ni bibi wa Kijerumani, anakaa Germantown. Mimi kwa akili yangu nikaona inaingia, mji wa Wajerumani, Mjerumani anakaa humo. Nilipofika nikakuta Wahabeshi, Wahindi, watu wa El Salvador, Wakenya wanaowahi treni alfajiri, na nyumba mpya za kuunganishwa zinazofanana mpaka unaweza kuingia ya jirani ukavua viatu. Mjerumani niliyemwona ni mmoja tu, na alikuwa amekaa jikoni kwenye kiti, anaangalia jiko lisilo na vitasa vya kuwashia.

Bi Trudi alikuwa mrefu, mifupa mikubwa, nywele nyeupe amezibana nyuma. Aliolewa na askari wa Kimarekani zamani akamfuata huku, mume akafa, akabaki na binti mmoja, Karin, anayefanya kazi mjini na kuja Jumapili. Macho yalikuwa yamepungua na mikono inatetemeka. Siku moja alijikata kiganja akimenya kiazi, damu nyingi, na siku nyingine alisahau sufuria motoni. Basi Karin, kwa ushauri wa Brenda, akang'oa vitasa vya jiko, na visu vyote akavifungia droo. Mimi nilipoanza nikakabidhiwa ufunguo, na vitasa vya kupachika wakati wa kupika tu.

"Kazi yako ni usalama," Brenda akaniambia. "Akae. Asiguse kitu."

Nikasema sawa. Nikaufunga ufunguo kwenye kamba nikauvaa shingoni, usipotee.

Shida ni kwamba bibi alikuwa hali chakula. Nesi akija kumpima uzito anatikisa kichwa. Nilipika uji, supu ya kuku, wali wa nazi usio na pilipili, mayai ya kila namna. Anasukuma sahani kwa vidole viwili, taratibu, bila ugomvi. Karin simtii kundi moja na kina Salma, alikuwa mtoto anayeogopa kumpoteza mama yake, lakini Jumapili moja akasema mbele yetu wote wawili: kuna chumba amekiona Virginia kwenye nyumba ya wazee. Kama mpaka Krismasi mama hajaanza kula, atampeleka.

Karin alipoondoka, Bi Trudi akaniuliza kwa Kiingereza chake, ambacho kilikuwa kigumu kama changu ndiyo maana tulielewana, "Huko kuna jiko?"

"Kuna jiko kubwa, Mama. Wanapika watu wengine."

"Basi hakuna jiko," akasema.

Siku chache baadaye nikamuuliza kwa mara ya mia anataka nini. Akasema neno moja: "Shpetsle." Nikampigia Karin, akaniambia ni tambi za kwao, za mayai. Nilifurahi kama nimeokota lulu. Tambi! Nani wa Tanga asiyejua tambi? Nikazikaanga, nikatia tui, sukari, iliki na zabibu kavu, harufu mpaka kwa jirani. Nikamwekea. Akala kijiko kimoja, akaniangalia kwa heshima kubwa.

"Nani ana siku ya kuzaliwa?" akauliza.

Zile tambi alikuja kuzila Wambui, zote, huku ananicheka. "Ai, Zuhura, shosho ya watu ameomba chakula, wewe umempelekea Idi! Si umpee mukimo tu, viazi na minji, kila mzee anameza."

Karin akaleta za pakiti. Bi Trudi akasema hizi za hospitali. Akaleta mashine ya kukamulia, kama ile ya kukamua viazi ila ina matundu, zikatoka nyuzi ndefu zinazolingana zote. Bi Trudi akaziinua kwa uma. "Minyoo ya kiwandani."

Basi nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamwambia, Mama, mimi sijui, nifundishe. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu amemwambia neno hilo tangu visu vifungiwe. Akakaa wima.

Haya, chukueni kalamu. Unga wa ngano bakulini, mayai mengi kuliko unavyodhani ni halali, chumvi, maji kidogo, na kungumanga ya kukwaruza. Kungumanga! Niliposikia harufu yake jikoni mwa Mjerumani nilicheka peke yangu. Nikamuuliza mayai mangapi, akasema mpaka unga uone haya, maana yake uwe na rangi. Halafu unapiga. Hukandi kama chapati, na hukorogi kama uji. Ni rojo zito, unalipiga kwa mwiko, unalivuta juu na kulirudisha, mpaka linatoa mapovu na ukiinua mwiko linaning'inia, linafikiri kwanza, ndipo linaanguka.

Mimi napiga, yeye amefumba macho.

"Bado," anasema.

Napiga.

"Bado."

"Mama, hata hujaangalia!"

"Naangalia kwa masikio."

Hapo nikajua niko wapi. Rojo hili nalijua! Ni la kaimati. Bibi yangu alikuwa akikaa ukumbini na sisi uani tunapiga unga wa futari, na yeye kule ndani anasema bado, bado, kwa ule mlio tu wa unga unapokibamiza chombo. Nikauweka mwiko pembeni, nikanawa mikono hadi kiwikoni, nikatia mkono wenyewe. Nikaupiga unga ule kwa kiganja kama tunavyoupiga Tanga, pa, pa, pa, mpaka ukaanza kukohoa mapovu.

Bi Trudi akafumbua macho. "Sasa," akasema. "Nani amekufundisha?"

"Ramadhani."

"Mume wako?"

"Mwezi, Mama."

Alicheka mpaka akapaliwa. Ndiyo siku ya kwanza kusikia kicheko chake, kilikuwa kizito kama cha mwanamume.

Unga unapumzika kidogo. Maji ya chumvi yanachemka. Ndani ya kabati la chini mlikuwa na ubao wake, una mpini, na ukingo wa mbele umechongwa mwembamba kama ukurasa, umeingia rangi ya chai kwa kutumika. Unaulowesha ubao, unapaka rojo juu yake, unauinamisha juu ya sufuria, halafu kwa kisu kirefu, bapa, kilicholoweshwa pia, unakwangua vipande vyembamba vidondokee majini. Vikielea, unaviopoa kwa kijiko cha matundu. Siagi juu yake. Kwa maneno ni rahisi sana.

Nilitoa ufunguo shingoni, nikafungua droo, nikachukua kisu. Nilichokwangua kikadondoka kama ngumi, vibonge viwili vitatu, pwaa, maji yakanirukia. Bi Trudi akanyanyuka kwenye kiti, amenyoosha mkono.

"Nipe."

Nami nikasema kile ambacho yeyote kati yenu angesema, kwa sababu tumelelewa hivyo. "Hapana Mama, kaa. Pumzika. Nitafanya mimi."

Kwetu mtu mzima akiingia jikoni na vijana wapo, ni aibu ya vijana. Unampokonya ufagio, unampokonya bakuli, unamwekea mto, na majirani wanasema mtoto huyu ana adabu. Sikuwa nafanya jeuri. Nilikuwa namheshimu kwa nguvu zangu zote. Akakaa. Nikaendelea na vibonge vyangu, akala viwili, akasukuma sahani.

Siku zikaenda. Kila mchana napika shpetsle. Mkono ukazoea, vipande vikawa vyembamba, vingine virefu, vingine vifupi, kama anavyotaka. Napata sifa: "Nzuri. Nzuri sana." Na sahani inasukumwa. Nesi anatikisa kichwa. Karin akapiga simu kuuliza kama bibi ana koti zito la kusafiria, nikajua ameshaanza kufungasha kwa moyo.

Nikamlalamikia Wambui. "Zimekuwa nzuri, anasema mwenyewe ni nzuri, mbona hali?"

"Labda hazina chumvi."

"Zina chumvi!"

"Basi sijui. Omba."

Mchana mmoja nilimaliza, nikaosha kisu, nikakifuta, nikakirudisha kwenye droo, nikafunga, nikavaa ufunguo wangu. Bi Trudi alikuwa ananiangalia. Akasema bila ubaya wowote, kama mtu anayesifia kitambaa, "Ufunguo unakupendeza."

Nilienda kwenye sinki nikaosha sufuria lililokwisha kuoshwa. Nilikuwa namwona Salma na mkufu wake. Nikutunzie, mdogo wangu. Hapa watu wanajikata. Kaa, unakwenda wapi wewe? Nilikuwa nimetoka Herndon kwa miguu yangu, na miaka yote hiyo baadaye nimesimama Germantown na ufunguo wa mtu shingoni, na mtu mwenyewe amekaa kwenye kiti anaangalia jiko lake. Nilikumbuka pia kitu kimoja cha besmenti ya Salma: chakula chao nilikipika mimi, lakini angalau nilikipika. Wangeninyima na sufuria, sijui kama ningekuwa na nguvu ya kuvaa viatu siku ile.

Kesho yake nilipiga unga mpaka akasema sasa. Nikafungua droo. Nikavijaribu visu vyote kwa kidole gumba, nikapata kimoja kirefu, kizee, kisichoweza kukata hata ndizi mbivu. Nikaleta kiti kirefu cha kaunta nikakiweka mbele ya jiko, nikamkalisha, nikasimama nyuma yake, mkono wangu mmoja umemzunguka kiunoni na mwingine umeshikilia mpini wa ubao. Mvuke ukienda upande wake naugeuza ubao. Nikamtia kisu mkononi.

"Haya, Mama. Nionyeshe."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kama kawaida, chai alikuwa hawezi kuifikisha mdomoni bila kumwagika. Lakini kisu kilipogusa ubao, ule mtetemo ukapata kazi. Tk, tk, tk, tk, vipande vyembamba vinaruka majini, vimepinda, havilingani, mimi mwenyewe sijapata kuvifikia mpaka leo. Akawa anaongea Kijerumani, sijui ananifundisha au anagombana na mtu aliyekufa. Tulipomaliza alikuwa ametoka jasho. Nikampakulia kwa siagi na vitunguu vya kukaanga vyenye rangi ya kahawa.

Alimaliza sahani. Akaifuta kwa kipande cha mkate. Akaniuliza kama nimempunja.

Tukawa tunapika hivyo kila siku, na mimi sikumwambia mtu ila Wambui. Wambui aliniombea na kunitukana kwa pamoja. "Akijikata, Brenda atakufukuza before hata plasta ikauke!" Nesi akaja, akapima, akapima tena, akasema mzani labda umeharibika.

Nilipanga kumwambia Karin Jumapili. Lakini Karin akaja siku ya kazi, mchana, kabla ya Krismasi, na amekuja na Brenda. Walikuwa wamekuja kuzungumza habari ya kuhamia Virginia. Walifungua mlango kwa ufunguo wao, na sisi kwa mlio wa maji hatukusikia. Walichokiona ni mvuke, bibi yuko juu ya kiti kirefu mbele ya moto, ana kisu chenye urefu wa mkono, na mimi nimemkumbatia kwa nyuma.

"Zuhura!" Brenda akapiga kelele. "Weka hicho kisu chini!"

"Kisu hakiko kwangu," nikasema. Na ilikuwa kweli.

"Mama, shuka," Karin akasema. "Tafadhali. Shuka taratibu."

Bi Trudi hakugeuka. Tk, tk, tk. "Karin, zinaelea. Chukua kijiko."

"Mama..."

"Zinaelea! Unataka zilegee? Ulikuwa hivyo hivyo ukiwa mdogo, unasimama tu unaangalia, mpaka zinakuwa uji."

Niliona uso wa Karin ukibadilika. Kwanza hasira, halafu kitu kingine, kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni sokoni. Akavua koti, akalitupa sakafuni, yeye ambaye hata leso alikuwa akiikunja. Akachukua kijiko cha matundu akasogea kwenye sufuria. Mama yake anakwangua, yeye anaopoa. Mikono yao ilikuwa inapishana bila kugongana, nikajua hawa walishafanya kazi hii pamoja mara nyingi kabla mimi sijazaliwa kwenye habari hii.

Brenda alikuwa bado amesimama na mkoba wake. "Hii ni kinyume cha utaratibu wote," akasema.

Bi Trudi akamwonyesha kiti kwa ncha ya kisu. "Wewe mwenye viatu. Kaa, ule."

Hakula. Aliondoka, na mlango ukasikika. Karin alikaa mezani na mama yake, akaangalia bibi anavyokula, kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo akaniangalia mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipompa kisu."

"Angeweza kujikata."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana nimemshika."

Bi Trudi akasema, "Anashika vizuri. Ana mikono ya Ramadhani." Karin akadhani mama yake amechanganyikiwa, ikabidi nieleze kaimati yote.

Jioni ile ile Karin aliwapigia simu wale wa Virginia akawaambia chumba wampe mtu mwingine. Vitasa vya jiko vikarudi mahali pake, kwa sharti mimi niwepo. Visu vyenye makali tuliviweka juu kabatini, kile kizee kikakaa droo ya kawaida pamoja na vijiko. Ufunguo nilimkabidhi Karin. Sijui aliupeleka wapi, na sikuuliza. Brenda alitaka kuniondoa, Karin akamwambia nikiondoka mimi na mteja anaondoka, basi Brenda akagundua kwamba utaratibu una nafasi ya kujikunja.

Miaka iliyofuata pale Germantown ndiyo iliyokuwa mizuri ya kazi yangu yote. Alinifundisha kula shpetsle kwa dengu, jambo nililoliona la kichaa mpaka nilipoonja. Kwao dengu zinaendana na soseji ya nguruwe, tukagombana wiki nzima. Tulipatana hivi: dengu na tambi chungu kimoja, tunakula wote, soseji kikaango chake peke yake, anaikaanga mwenyewe, nami namshika kiuno nimegeuza uso ukutani. "Umekuwa kama mke wa padri," alikuwa akiniambia. Mwezi wa Ramadhani ukifika alikuwa ananipigia unga wa kaimati. Hakuwa na nguvu, unga ulikuwa haukohoi sawasawa, na mimi nilikuwa nikisema kutoka chumba cha pili: "Bado!"

Alifia kitandani kwake, Karin upande mmoja na mimi mwingine. Siku za mwisho alikataa chakula tena, lakini kule kulikuwa kukataa kwa namna nyingine, na wote wawili tuliijua tofauti, hatukumsumbua. Baada ya mazishi Karin alinipa ule ubao na kile kisu kizee.

Bega sasa. Bega langu lina jina, linaitwa Brenda. Baada ya Bi Trudi alinipanga kwa bwana mmoja mzito sana, nikamwambia huyu anahitaji watu wawili wa kumnyanyua. Akasema watu hawapo, nifanye ninavyojua. Nilifanya ninavyojua, na kitu kikakatika ndani ya bega kikalia kama kitambaa kinachochanwa. Nyinyi mkiambiwa watu hawapo, kaeni chini na nyinyi msiwepo. Hilo peke yake nawapa kama amri.

Sasa nakaa na Wambui, naye kaacha kazi, tunagombania rimoti. Siwezi kulalamika. Asubuhi nakunywa chai mpaka inapoa na hakuna anayeniita. Naandika haya kwa sababu ya Jumamosi mlipokuja, nyinyi wote, mmejaa sebuleni, mnataka niwapikie zile shpetsle ninazozisimulia. Nikanyanyuka. Mkapiga kelele kwa pamoja: Bi Zuhura kaa! Bi Zuhura bega! Tutafanya sisi, wewe tuelekeze tu! Mmoja akanitoa mwiko mkononi, mwiko wangu wa Tanga, mwingine akaniwekea mto mgongoni. Bado sijafika miaka sitini, na nimewekewa mto. Mnaona jinsi mlivyo na adabu?

Nikakaa. Nikawasikiliza kutoka sebuleni. Mlikuwa mnaukoroga ule unga kama mnatafuta kitu kilichozama. Wambui akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Utanyamaza ama?"

"Bado!" nikawaambia kutoka kwenye kiti.

Mkacheka, mkaendelea.

"Bado!"

Halafu nikautoa ule mto, nikaingia jikoni nikavuta kiti nikaketi mbele ya jiko. Mkaniangalia kama Karin alivyomwangalia mama yake. Mkono wa kulia haupandi juu ya kifua, lakini wa kushoto hauna habari na Brenda. Nikawaambia leteni ubao, na kisu kile butu, na mmoja wenu mwenye mikono yenye nguvu asimame nyuma yangu, anishike.

Mlisita kidogo. Kisha mkaleta. Vipande vya kwanza vilidondoka kama ngumi, maana mkono wa kushoto haukufundishwa na mtu. Vya pili vikawa afadhali. Vilipoanza kuelea sikumwita yeyote, na tayari mmoja wenu alikuwa ameshika kijiko.